UZI MAALUMU: Kutoka gokati hadi Formula 2, hesabu zake, magari yake na mahali safari inapokatikia

Kona Kali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa Formula One ukianza swali hurudi palepale: mbona hakuna Mtanzania hata kwenye madaraja ya chini? Majibu huwa mawili, "hela" na "hatuna uwanja". Yote ni kweli, lakini hayamsaidii mzazi wa Mbezi au Upanga ambaye mtoto wake ana miaka kumi, ana kasi, na anataka kujua hatua inayofuata. Naanza na ramani. Wenye ujuzi wa ufundi, mikataba na karatasi waongezee.

Mtoto anaanza gokati (vigari vidogo vya mbio) daraja la Mini, anaingia Junior akikaribia miaka 12, Senior akifika 14. Akitimiza 15 anaruhusiwa Formula 4. Juu yake kuna Formula Regional, halafu FIA Formula 3 (FIA ni shirikisho la dunia la mbio za magari), halafu Formula 2.

F4 ilianza 2014, Italia ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza. Gari linalotumika kwenye mashindano mengi ya Ulaya tangu 2022 ni Tatuus T-421: bodi ya kaboni, halo (upinde wa kukinga kichwa cha dereva), injini ya Abarth ya lita 1.4 yenye tabo, takribani hp 180, gia sita za kubadilisha kwa vidole. Hakuna ABS na hakuna msaada wa kuzuia tairi zisisote. Formula Regional ya Ulaya, kati ya 2021 na 2025, ilitumia Tatuus T-318 yenye injini ya Renault ya lita 1.8, takribani hp 270. F3 ni Dallara yenye V6 ya lita 3.4 isiyo na tabo, karibu hp 380. F2 nayo ni Dallara yenye V6 ya ukubwa huohuo ila ina tabo, karibu hp 620, na bado usukani hauna pawa.

Sasa alama. Kuendesha F1 kunahitaji Super Licence ya FIA: umri wa miaka 18 kwa kawaida, leseni ya udereva wa barabarani, kilomita 300 ndani ya gari la F1, na alama 40 zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa F4 anapata 12. Bingwa wa Formula Regional Ulaya 25. Bingwa wa F3 anapata 30, wa pili 25, wa tatu 20. Kwenye F2 wote watatu wa juu wanapata 40 kila mmoja, wa nne 30, wa tano 20.

Jumlisha. Kijana akitwaa F4 halafu Formula Regional mwaka unaofuata, ana 37. Zimebaki tatu, na F3 nafasi ya tano inampa 12, kwa hiyo anafika 49 bila kugusa F2. Lakini alama za mwaka wa kwanza zinaanguka dirisha la miaka mitatu likipita. Ndiyo maana familia nyingi zinamharakisha mtoto apande kila mwaka, na hapo ndipo safari inapokatikia.

Sababu ni hii. Wikiendi ya F3 ina magari 30. Dereva anapata dakika 45 za mazoezi, halafu dakika 30 za kupanga nafasi za kuanzia, na seti nne tu za tairi kavu kwa wikiendi nzima. Hakuna mablanketi ya kupasha tairi moto. Kati ya raundi na raundi timu haziruhusiwi kujifanyia majaribio zinavyotaka. Aliyefika pale hajui kufunga breki vizuri hatajifunzia pale, maana muda haupo. Mahali pa kujifunzia ni F4 na Formula Regional, ambako siku za majaribio bado zinanunulika. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye bajeti ya kubana ni mmoja: nunua siku za uwanjani kabla ya kununua daraja.

---

Fundi Gerezani

Ahsante Kona Kali. Mimi natia neno upande wa gokati, maana makosa ya hapa yanamfuata dereva hadi F4.

Kwanza, gokati za kukodi zenye injini kama ya jenereta ni nzuri kwa kumwonyesha mtoto mistari ya kona, basi. Gokati ya mashindano ni kitu kingine: injini ya 125cc ya kuchanganya oili na petroli, inayopozwa kwa maji, na chasisi isiyo na springi wala difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa. Gokati haiwezi kukata kona mpaka gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kidogo. Usipolielewa hilo utabadilisha kila kitu na hakuna kitakachosaidia.

Gurudumu la ndani lisiponyanyuka, pua haiingii kona na injini inazama wakati wa kutoka, kana kwamba umeshikilia breki. Tiba za kujaribu, moja baada ya nyingine: panua upana wa mbele kwa spesa ya milimita tano kila upande, ongeza kasta (mlalo wa mhimili unaogeuza gurudumu la mbele), au pandisha kiti kidogo. Likinyanyuka sana na kukaa juu muda mrefu, mkia unatoka ghafla, basi rudi kinyume. Kamwe usibadilishe vitu viwili kwa mkupuo, hutajua kipi kimefanya kazi.

Kiti ndicho springi ya gokati. Kikisogea sentimita moja tu, uzito unahama na gari linabadilika. Piga alama kwa maka kwenye chasisi kabla ya kulegeza bolti, na vipimo uviandike daftarini.

Upepo. Hapa watu wa Dar tunapoteza sana. Tairi kavu za gokati zinaanzia kwenye psi 9 hadi 12 zikiwa baridi. Geji ya gereji ya kawaida inasoma hadi psi 150 au zaidi, na mistari yake ya chini haitofautishi 9 na 11. Nunua geji ya upepo mdogo, ya psi 0 hadi 30. Lami ikiwa ya moto mchana wa Januari anza chini, maana upepo utapanda kadiri tairi inavyochemka. Pima dereva anapotoka tu, kabla tairi hazijapoa. Kama mizunguko mitatu ya kwanza gari ni zuri halafu linaanza kuteleza kote, upepo umezidi. Kama linaamka mzunguko wa sita, umepungua.

Mchanganyiko wa oili: injini ya Rotax Max ni asilimia 2, yaani mililita 100 za oili kwa lita tano za petroli. Injini ya IAME X30 wengi wanatumia asilimia 4, mililita 200 kwa lita tano. Tumia chupa yenye vipimo. Kukadiria kwa kifuniko ndiko kunakoua pistoni.

Na hili la jeti, kitundu cha kabureta kinachopima petroli, kwa wanaokwenda Nairobi. Dar tuko usawa wa bahari, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi. Ukienda na jeti ya Dar, petroli inazidi, injini inakaba na kuwa nzito, lakini haifi. Hatari ni kurudi. Ukiwasha Dar na jeti ndogo ya Nairobi, petroli inapungua, joto linapanda na pistoni inakwama kwenye silinda njia ndefu ya kwanza. Angalia plagi kila baada ya mazoezi: kahawia ni salama, nyeupe ni hatari, nyeusi na mbichi ni petroli nyingi.

---

Mama Latifa

Nashukuru kwa maelezo ya wazi. Naomba kuuliza mawili. Je, kwa familia inayoanza, injini gani inafaa? Na hizo gharama za F4 zikoje, kwa namba?

---

Fundi Gerezani

Mama Latifa, kwa mazingira yetu ningeshauri Rotax. Injini yake imefungwa sili, na ratiba ya kuifungua kwa huduma kubwa ni takribani saa 50. X30 ni injini nzuri na kali, lakini wengi hubadilisha pistoni kati ya saa 10 na 15. Injini za daraja linaloitwa OK, za mashindano ya kimataifa, ni ghali zaidi kutunza na zinataka fundi wa kudumu. Spea ukiagiza nje, kumbuka ushuru unakokotolewa juu ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na usafiri, halafu VAT inakuja juu ya jumla hiyo. Agiza mara moja kwa wingi: cheni, sproketi, ekseli ya akiba, pedi za breki, tai rodi, bolti za magurudumu. Tai rodi iliyopinda Jumamosi haina duka hapa la kuinunua Jumapili.

---

Hesabu Kwanza

Kuhusu namba, Mama. Bei hazitangazwi rasmi, kila timu inajadiliana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwenye mchezo huu: msimu wa F4 Italia na timu ya mbele ni euro 300,000 na kuendelea, na zipo bajeti zinazovuka 500,000. Formula Regional Ulaya inakaribia milioni moja. F3 inavuka milioni, F2 inatajwa kati ya milioni mbili na tatu. Euro 400,000 kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Tuseme ukweli huo mapema ili mtu asiuze nyumba kwa ndoto ya msimu mmoja.

Lakini bei ya juu ya karatasi si bei utakayolipa. Soma mkataba uone vitu hivi.

Cha kwanza ni gharama za kugonga. Timu nyingi zinaweka ada ya msimu bila uharibifu. Bawa la mbele, wishiboni mbili na rimu vinaweza kuondoka kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza, na bili ni yako hata kama aliyekugonga ni mwingine. Omba orodha ya bei za spea iwe kiambatisho cha mkataba kabla ya kusaini. Bima ya uharibifu ipo, ila angalia kiwango unachobeba mwenyewe kwa kila ajali. Kikiwa kikubwa, ajali ndogo zote zinabaki kwako, na F4 ajali nyingi ni za aina hiyo.

Cha pili ni siku za majaribio, ngapi na kwenye viwanja gani, na kila siku ina seti ngapi za tairi mpya. Siku ya majaribio kwa tairi zilizochoka inakufundisha uwanja lakini haikufundishi mzunguko wa kupanga nafasi, ambao ndio unaoamua wikiendi. Siku moja ya F4 inatajwa kati ya euro 5,000 na 9,000 kutegemea timu.

Cha tatu ni nani mhandisi wako. Timu yenye magari matano na wahandisi watatu, mgeni mwenye bajeti ndogo ndiye anayegawana. Jina la mhandisi liandikwe.

Cha nne ni ratiba ya malipo na kipengele cha kuvunja. Ukishindwa raundi ya tano, unarudishiwa nini? Na timu ikikuondoa garini kwa sababu ya deni la spea, inatakiwa kukupa notisi ya siku ngapi?

Pelekeni mkataba kwa mwanasheria, na tafsiri ya Kiitaliano au Kihispania ifanywe na mtu anayejitegemea. Mkataba huwa na kipengele kinachosema lugha ipi inashinda pakitokea mgongano.

---

Breki Mkono

Wakuu, naheshimu hoja ya kukaa muda mrefu chini, lakini mifano ya waliofanikiwa inasema vingine. Max Verstappen aliendesha magari msimu mmoja tu, F3 ya Ulaya 2014, mwaka uliofuata yuko F1 na miaka 17. Kimi Antonelli aliruka F3 kabisa: F4 mwaka 2022, Formula Regional 2023, F2 2024, halafu Mercedes 2025. Ukimchelewesha mtoto akademia za timu kubwa hazimtazami tena. Wao wanatazama umri na matokeo.

---

Kona Kali

Breki Mkono, mifano ni sahihi, ila tazama kilichokuwa nyuma yake.

F3 ya Ulaya ya 2014 ilikuwa na raundi 11, mbio tatu kila raundi, jumla mbio 33. F3 ya leo ina raundi 10 zenye mbio mbili, jumla 20. Verstappen alipata ndani ya msimu mmoja mbio nyingi kuliko anazopata kijana wa F3 leo kwa msimu mmoja na nusu. Na ni kwa sababu ya umri wake FIA walileta masharti ya miaka 18 na alama kuanzia 2016. Antonelli naye Mercedes walimpa programu ya siku za kutosha kwenye magari yao ya F1 ya miaka ya nyuma wakati akiendesha F2. Muda wa uwanjani aliupata, ila timu ndiyo iliyolipa.

Mfano unaofaa kwa mtu wa kawaida ni Oscar Piastri. Mwaka 2018 alimaliza wa nane kwenye Formula Renault Eurocup, daraja la chini ya F3. Hakupanda. Alirudia daraja lilelile 2019 akawa bingwa, 2020 bingwa wa F3, 2021 bingwa wa F2, hizi mbili za mwisho kwa jaribio la kwanza. Hata hivyo 2022 hakuwa na kiti, akakaa dereva wa akiba mwaka mzima kabla ya McLaren 2023. Felipe Drugovich alitwaa F2 mwaka 2022 na Théo Pourchaire 2023, na hakuna aliyepata kiti cha F1 msimu uliofuata. Kwa hiyo kupanda haraka hakununui kiti. Rekodi ya ushindi katika daraja unalolimudu ndiyo inayosomwa.

---

Breki Mkono

Kwa Piastri nakubali. Bado nasema misimu miwili F4 ni mwisho, wa tatu ni hasara. Mwaka wa tatu hata ukishinda watasema umeshinda watoto.

---

Kona Kali

Hapo tuko pamoja. Miwili, si mitatu.

---

Telemetri

Niongeze kuhusu kitu ambacho Kona Kali amekigusa, breki, kwa sababu ndicho kinachomtenga kijana wa gokati na kijana wa F4 zaidi ya kitu kingine.

Gokati ya Junior na Senior ina breki ya nyuma tu. Dereva anaikanyaga kwa muda mfupi, mkia unalegea, anaitupa gari ndani ya kona. Akiingia F4 na tabia hiyo gari linamkataa. Hapa magurudumu yote manne yana breki, hakuna busta, pedali ni ngumu kama jiwe, na kuna mabawa.

Mabawa ndiyo yanayobadilisha kila kitu. Mgandamizo wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Gari likiwa kilomita 200 kwa saa lina mgandamizo mara nne ya lililonao kwenye 100. Maana yake mwanzoni mwa breki tairi zinashikilia sana, na kadiri mwendo unavyopungua zinaachia. Kwa hiyo mguu wa kushoto unatakiwa kupiga kwa nguvu zote mara moja, mwendo ukiwa juu, halafu kuachia polepole hadi ndani ya kona. Kijana wa gokati anafanya kinyume: anaanza kwa woga, anaongeza nguvu karibu na kona, wakati hewa imeshaondoka. Tairi ya mbele ya ndani inafunga, inachanika sehemu moja, na kuanzia hapo usukani unatetemeka. F4 hilo linaharibu mbio moja. F3, penye seti nne tu, linaharibu wikiendi.

Kwenye data mstari wa breki wa dereva mzuri unapanda wima kama ukuta, kisha unashuka kama mteremko mrefu. Mstari wa anayejifunza unafanana na kichuguu. Ukiona kichuguu, hakuna haja ya kubishana kuhusu bawa wala springi, kwanza mguu urekebishwe.

Utaratibu wa kusoma data na mwenzako wa timu: weka mizunguko yenu bora juu ya ramani moja, anza na mstari wa tofauti ya muda. Usitazame mahali ambapo tofauti ni kubwa, tazama inapoanzia. Mara nyingi unapoteza njia ndefu kwa sababu ya kona iliyotangulia, ambako ulikanyaga mafuta mapema, ukaachia, ukakanyaga tena. Kukanyaga mara mbili ni dalili kwamba uliingia kwa mwendo usio sahihi au uligeuza usukani kabla ya wakati. Kisha tazama mwendo wa chini kabisa katikati ya kona, halafu pembe ya usukani. Usukani ukiwa umegeuzwa zaidi kuliko wa mwenzako na mwendo ni mdogo, tairi za mbele unazisugua.

Na tairi zenyewe zinapashwa moto na dereva. Mzunguko wa kutokea nje si wa kupumzika. Ukizipasha kidogo sekta ya kwanza inapotea, ukizipasha kupita kiasi sekta ya tatu inapotea. Pirelli za F2 na F3 zikichemka juu ya uso hazirudi haraka.

---

Mama Latifa

Hii ya mwendo na hewa sasa nimeielewa. Je, kwa mabinti kuna njia tofauti?

---

Hesabu Kwanza

Ipo, Mama, na kwa upande wa pesa ni nafuu kweli. F1 Academy ilianza 2023 kwa wanawake pekee, ikitumia gari lilelile la Tatuus T-421. Mwaka huo wa kwanza dereva alichangia euro 150,000 na waandaaji wakaweka kiasi kama hicho kwa kila gari. Tangu 2024 timu zote kumi za F1 za wakati huo zilikuwa na dereva mmoja kila moja wanayemdhamini, na mbio zinafanyika wikiendi za F1, mbele ya wadhamini wenyewe. Mabingwa hadi sasa ni Marta García 2023, Abbi Pulling 2024 na Doriane Pin 2025. Muda wa dereva kukaa una ukomo wa misimu miwili, hivyo aingie akiwa ameshakimbia F4 ya kawaida, si kwenda kuanzia pale.

Pia ilikuwepo programu ya FIA ya Girls on Track Rising Stars. Maya Weug alipita humo na mwaka 2021 akawa binti wa kwanza kuingia akademia ya Ferrari.

---

Karatasi Kamili

Upande wa nyaraka ndio unaowakwamisha watu wakiwa na hela tayari mkononi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Leseni ya mashindano inatolewa na chama cha nchi kinachotambuliwa na FIA. Kwetu ni AAT (Automobile Association of Tanzania). Bila leseni ya kimataifa ya daraja linalotakiwa na shindano husika, pamoja na idhini ya kukimbia nje, timu ya Italia au Dubai haiwezi kukusajili hata umelipa. Anza miezi kadhaa kabla. Utahitaji uchunguzi wa afya wa kila mwaka, na matokeo ya mashindano uliyoshiriki. Kwa hiyo hata mbio ndogo za kanda wekeni karatasi za matokeo zenye saini. Kijana asiye na rekodi rasmi anaonekana hajawahi kukimbia.

Viza. Hapa familia nyingi hazipigi hesabu. Schengen ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Raundi za F4, majaribio, mazoezi kwenye simyuleta ya timu na siku za kusafiri zinazila haraka, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Kama mpango ni msimu mzima, zungumzeni na timu kuhusu viza ya kitaifa ya michezo au masomo, kabla ya kusaini. Uingereza ni viza yake peke yake. Kwa aliye chini ya miaka 18 andaeni barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, na barua ya mlezi atakayekuwa naye uwanjani.

Vifaa. Helmeti yenye alama ya Snell K ni ya gokati, haina kinga ya moto. F4 inataka helmeti ya FIA 8859. Suti ya gokati inazuia michubuko, haizuii moto, na mkaguzi ataikataa. Suti ya gari ni FIA 8856-2018, pamoja na nguo za ndani, soksi, glavu na viatu vya kiwango hicho. Kizuia shingo, HANS, ni FIA 8858. Kwenye suti lebo ya FIA imetariziwa nyuma ya kola na ina hologramu. Ukiuziwa suti ya bei ya chini isiyo nayo, umenunua vazi la picha. Kwa gokati msisahau kinga ya mbavu, FIA 8870-2018. Mbavu za watoto zinapasuka kwa kugonga kiti tu, hata bila ajali.

---

Breki Mkono

Simyuleta ya nyumbani inasaidia kiasi gani? Wengi hapa Dar hiyo ndiyo wanayoweza.

---

Telemetri

Inasaidia kujifunza uwanja, nidhamu ya kurudia mzunguko na kusoma data. Igor Fraga wa Brazil alijulikana kwenye michezo ya kompyuta na mwaka 2020 alitwaa Toyota Racing Series ya New Zealand, ila naye alikuwa ameshaendesha gokati na magari halisi. Kama bajeti ni ndogo, weka pesa kwenye pedali kwanza, zile zinazopima nguvu ya mguu badala ya umbali inaosogea. Usukani mzuri baadaye. Pedali inayopima umbali inamfundisha mguu tabia ileile ya kichuguu niliyoieleza. Seva za Ulaya ziko mbali na Dar, ucheleweshaji wa mtandao unafanya magari ya wenzako yarukeruke, kwa hiyo mashindano ya karibu karibu usiyaamini sana. Fanya mazoezi ya muda pekee yako. Na weka UPS.

Shingo haiwezi kufundishwa na simyuleta. Mkanda wa mpira kichwani, sekunde 30 kila upande, seti tatu, mara tatu kwa wiki, na mikono ya mbele kwa sababu usukani ni mzito. Mbio ya F4 Italia ni dakika 30 na mzunguko mmoja. Shingo ikichoka dakika ya 20 kichwa kinalala nje ya kona, macho yanahama, na mstari unahama nayo.

---

Mama Latifa

Swali la mwisho kwangu. Kijana akitimiza 15 mwezi Desemba, amemaliza Senior, bajeti haitoshi msimu mzima wa Ulaya. Aanzie wapi?

---

Kona Kali

Mama, ningeanzia Ghuba. F4 ya Falme za Kiarabu, ambayo mwaka 2025 iliitwa ya Mashariki ya Kati, inakimbizwa Januari na Februari, mazoea yake yakiwa raundi tano zenye mbio tatu, Dubai na Yas Marina ya Abu Dhabi zikiwa viwanja vyake vikuu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ni saa tano na ushee, hakuna Schengen, na timu za Italia na Uingereza zinapeleka magari yaleyale huko. Wanamwona kijana kwenye gari lao, na yeye anapata mbio 15 ndani ya wiki chache badala ya kusubiri miezi.

Kama hata hiyo ni kubwa, kuna F4 ya India, iliyoanza 2023 kwa magari ya Mygale, ambako madereva wa Kenya na Afrika Kusini wameshakimbia. Afrika Kusini yenyewe ina Formula 1600 ya injini ya Ford, gari lisilo na mgandamizo mkubwa, linalofundisha mguu na mkono. Raoul Hyman, mzaliwa wa Durban, alitwaa F3 ya Asia 2018 na Formula Regional ya Marekani 2022, hivyo njia za nje ya Ulaya si za kubeza.

Mpangilio wa pesa ningeuweka hivi: siku nne za majaribio mwezi Desemba, mbili Dubai na mbili Yas Marina, angalau seti moja ya tairi mpya kila siku. Baada ya siku ya pili Telemetri au mtu mwingine asiyelipwa na timu asome mstari wa breki. Ukiwa bado kichuguu, ahirisheni usajili wa raundi mbili za kwanza na fedha hizo ziingie kwenye siku nyingine za majaribio. Ukiwa ukuta, sajilini zote tano.

---

Karatasi Kamili

Na leseni ya AAT iombwe Septemba, Mama, si Novemba. Mwezi Desemba ofisi nyingi zinafunga mapema.